Mikono ya Chilufya Si Burudani

Ile boksi nyeupe ya intaneti iliyokaa dirishani kwangu niliinunua kwa sababu moja, nayo ni mikono ya mtoto wangu Chilufya. Sikuinunua kwa ajili ya mpira, wala nyimbo, wala zile filamu ambazo majirani wanazicheka mpaka kuku wanaamka. Chilufya hasikii. Homa ilimchukulia masikio akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Tangu hapo anasema kwa mikono, na mtu anayesema kwa mikono lazima umwone. Yeye anakaa Kambove. Mimi nakaa Kasungami, huku pembeni mwa Lubumbashi, penye mashamba ya mihogo na nyumba zinazoota kila mwaka. Ukitupatia simu ya sauti tu, mimi na yeye hatuna la kufanya nayo.

Kijana aliyekuja kuuza boksi alikaa uani kwangu, akala bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo, akasifu pilipili. Nikamwuliza waziwazi:

"Mwanangu, mutoto wangu hasikie. Mi nataka nimuone muzuri vile anasema na mikono. Hii kintu itaweza?"

Akafuta mdomo. "Mama, utamuona sawa vile iko hapa mbele yako."

Nikamwamini. Antena yao iko karibu, nikisimama mlangoni naiona yote, toka miguu mpaka ile taa nyekundu ya juu. Walipokuja kuijenga, magari yao yalikanyaga mistari yetu ya mboga. Tulinyamaza. Tulisema, hawa ni majirani sasa, watatukumbuka.

Miezi ya kwanza sikuwa na neno. Asubuhi, mume wake Antoine akishaenda kwenye mashimo ya madini kuchimba, Chilufya ananiita, ninasimamisha simu kwenye sufuria, naosha vyombo huku namtazama. Ananieleza bei za soko, ugomvi wa jirani, ndoto aliyoota. Joëlle, binti yake wa miaka saba, anasukuma uso wake mbele ili nimwone jino lililong'oka. Joëlle anasikia vizuri, lakini mikono yake ilijua kusema kabla ya mdomo. Na Chilufya akicheka, kicheko chake hakina sauti kubwa, kinakaa mabegani. Nilikuwa nanunua ile rezo, mtandao wao, kwa ajili ya mabega hayo.

Halafu ikaanza kuharibika. Kwanza jioni tu, kisha jioni na Jumapili nzima. Uso wa mtoto wangu unakatika vipande vipande kama kitenge kilichoshonwa kwa viraka. Mkono unapanda, unabaki juu. Ukija kushuka, ameshamaliza kusema, ananitazama, anangoja jibu, na mimi sijui ameniuliza nini. Mara ngapi nimetikisa kichwa ndiyo kwa neno ambalo sikuliona!

Nilikwenda kwenye biro yao, ofisi ya kampuni, mjini. Nataka niseme kwanza kwamba mlinzi wa pale mlangoni, mzee mwenye koti kubwa kuliko yeye, alinipa kiti chake akasimama mwenyewe juani. Sikumwomba. Wa ndani ndio walionikasirisha.

Kwenye meza kulikuwa na msichana anayeitwa Syntiche, akaniita kambo, yaani bibi.

"Bonjour, kambo. Shida iko wapi?"

"Picha inakwama, mwanangu. Kila jioni."

Akagongagonga masini yake, ile kompyuta. "Kambo, laini yako iko muzuri. Sauti inapita muzuri kabisa. Acha video, ongea na sauti tu."

"Mutoto wangu hasikie."

"Basi ongea na nguvu kidogo."

Watu walionifuata mstarini wakacheka. "Kambo, piga kelele, Kambove si mbali!" mmoja akasema. Mimi sikucheka.

"Ni kiziwi," nikamwambia. "Hata ukipiga ngoma mu masikio yake."

Syntiche akaona haya, akainama karibu. Si msichana mbaya. Akaenda kumwuliza mkubwa wake aliyekaa nyuma ya kioo. Yule mkubwa hakuinua uso. Nilimsikia vizuri: "Iko mu mpango wa Familia? Mwambie aingie mu ule wa Biashara. Iko mara tatu ya bei, lakini haikwame."

"Sina biashara," nikasema kwa sauti ili kioo kisikie. "Niko na mutoto."

Syntiche aliniahidi fundi, na nikarudi nyumbani kwa hasira iliyonifanya nishuke kwenye gari kituo kimoja kabla ya changu.

Kabla fundi hajaja, kifo kikaja. Shimo liliporomoka Kambove na Antoine alikuwa chini. Nilikwenda, nikalia naye mtoto wangu, tukamzika yule mkwe mwema ambaye alijifunza mikono yote ya mke wake kabla hajamposa. Baada ya mazishi nikarudi na Joëlle, akae kwangu wakati mama yake anakaa ndani. Kwetu mjane hatoki nje mpaka familia ya mume ije kumwosha na kumfungua. Mpwa wangu Chola alibaki naye, ampikie na amshikie simu.

Kabla hata vumbi la kaburi halijatulia, Alphonse akatuma neno. Alphonse ni kaka mkubwa wa marehemu. Ana nyumba nzuri kule Golf, mtaa wa wenye pesa, ana kazi nzuri, na sitaki kumchafua: ndiye aliyenunua sanduku la kumzikia, ndiye aliyelipa gari la waombolezaji. Lakini alisema Joëlle akae kwake. Shule inakaribia kufunguliwa, mtoto aanze Golf, asirudi Kambove kwa mama asiyesikia. Kikao kitakuwa Jumapili, kwangu, maana upande wa mke ndio unaopokea.

Sasa nieleze desturi yetu, maana kila kitu kilining'inia hapo. Mama wa mtoto anaulizwa mbele ya familia zote mbili: unakubali mtoto aende? Anaulizwa mara tatu. Jibu litoke kwake mwenyewe. Mama yake asimjibie, dada yake asimjibie, barua isimjibie. Akinyamaza mara zote tatu, wakubwa wa upande wa mume wanaamua. Siilaumu desturi hiyo. Nimekaa kwenye vikao hivyo tangu nilipoolewa na nimeona jinsi inavyomlinda mjane na watu wanaotaka kusema kwa mdomo wake. Walioiweka walitaka wamwone mjane mwenyewe, uso na mdomo. Hawakuwahi kuona uso umesimama katikati ya neno.

Chilufya hakuweza kutoka Kambove bila kuvunja kilio cha mume wake. Tukakubaliana ajibu kwa video. Mikono yake itafasiriwa na Wivine, mke wa Alphonse, ambaye aliishi naye nyumba moja walipokuwa bado mabibi arusi na akajifunza. Alphonse mwenyewe alisema, "Wivine hawezi kudanganya, hata ukimulipa." Hapo alisema kweli.

Ijumaa ya wiki hiyo fundi akafika, kijana mwembamba anaitwa Paulin. Alivua viatu mlangoni ingawa sakafu yangu ni ya saruji iliyopasuka. Nikampa karanga za kukaanga. Akaitazama boksi, akaitazama simu yake, akatikisa kichwa.

"Boksi iko muzuri, mama. Antena iko muzuri. Haina kintu kimeharibika."

"Basi juu ya nini mutoto wangu anakatika?"

Akatafuna kwanza, nikaona anatafuta namna ya kuniambia. "Hewa ya antena iko moja, mama. Bantu bote banagawana ile moja. Bakikuwa bengi, masini inabapanga mustari. Simu za sauti zinapita kwanza. Nyuma yake bale ba Biashara: mabiro, na manyumba ya Golf, maana antena hii njo inapelekaka mpaka kule. Nyuma ya bale, mesaji. Video ya Familia njo ya mwisho. Inapewa kile kinabakia. Na mangaribi tunaifunga tena kidogo, sawa robine ya maji."

"Na kama hakuna kinabakia?"

"Inangoja."

"Golf inapita mbele yangu? Antena iko mu mihogo yangu!"

"Ni vile balipanga, mama."

"Na juu ya nini video ni ya mwisho?"

"Kwa masini yetu, video iko burudani. Mpira, filamu, bantu kucheza. Muntu akikosa mpira kidogo, hakufe."

"Na mikono ya mutoto wangu iko burudani?"

Paulin akaacha kutafuna. "Masini inaona picha tu, mama. Haijue ni nani."

Nilikaa. Hasira yangu haikuwa kwake, yeye alikuwa wa kwanza kuniambia ukweli. Lakini fikirini. Watu wamekaa mahali fulani wenye akili zao wakaandika: huyu anasema, mpisheni, huyu anachezacheza, angoje. Mtu anayepiga simu kuuliza kama bia imewekwa kwenye barafu, masini inampisha kwanza kwa heshima. Mtoto wangu akiniambia kwa mikono kwamba mume wake amekufa, masini inasema ni burudani.

"Njoo nikuonyeshe kintu," nikamwambia, nikampeleka mpaka mlangoni. Kwenye kona yetu kuna bomba moja la maji, na bidoni za kutekea zilikuwa zimepangwa mpaka kwa jirani Huguette. "Unaona ule mustari? Siku nyumba moja iko na kilio, kila muntu anavuta bidoni yake kando. Bale ba kilio bateke kwanza. Hakuna muntu anaulizaka. Ninyi mulisoma, mulishindwa kuweka hata ile?"

"Masini haijue kilio, mama."

"Lakini bale balipanga masini banajua."

Paulin akarudi ndani. Alisogeza boksi karibu zaidi na kioo, akafunga waya vizuri, akasema atapeleka neno kwa mkubwa wake, ila siku mbili hazitoshi. Alipokuwa anavaa viatu akaongeza, bila kunitazama: "Jumapili ile iko na mechi kubwa, mama. Bote batakuwa kwenye video. Mukiweza, fanyeni asubuhi."

Nilimpigia Alphonse. Akasema asubuhi ni misa, na wazee wawili wanatoka mbali. "Na kwangu Golf video haikwame hata siku moja, mama mukwe. Usikuwe na woga."

Haikwami! Nilijua sasa ni kwa nini haikwami.

Jumapili alasiri walifika. Tulitandika mikeka, wazee wa upande wa Antoine upande mmoja, sisi upande mwingine, Wivine katikati, simu imesimama juu ya kiti ili wote waione. Joëlle nilimweka jikoni na kazi ya kuchambua maharage, maana si kikao cha mtoto, lakini nilijua masikio yake yako kwetu. Kutoka kila nyumba ya barabara yetu ilisikika sauti ileile ya mtangazaji wa mpira.

Uso wa Chilufya ukatokea, na kitambaa cheusi kichwani. Alikuwa amekonda. Alituamkia, na salamu hiyo tuliiona. Alphonse akauliza mara ya kwanza, Wivine akageuza kwa mikono.

Chilufya akainua mkono. Mkono ukabaki pale.

Tukangoja. Uso wake ukawa viraka, kisha ukasimama kabisa, macho yamefunguka nusu. Na hapo, nisikilizeni vizuri, sauti ya Chola ikaingia safi kama vile amekaa kwenye mkeka wetu:

"Mama mukubwa, anajibu! Anasema na mikono! Hamumuone?"

Sauti ya Chola ilipita. Sauti ya jogoo wa Kambove ilipita. Hata pikipiki iliyopita nje kwao tuliisikia mpaka ikapotea. Yule mmoja tuliyemhitaji ndiye aliyezuiwa.

"Hatumuone," Wivine akasema.

"Mi nitabaambia vile anasema—"

"Hapana," Alphonse akamkata. "Pole, mwanangu. Weye hauko mujane. Jibu linatoka kwa mujane."

Na desturi ilikuwa upande wake.

Picha ikarudi kidogo. Alphonse akauliza mara ya pili. Safari hii mikono ya Chilufya yote miwili ilipanda, nikaona kidole kimoja kinaelekea kifuani, na picha ikakwama tena. Mtaa mzima ukapiga kelele: kuna mtu alikuwa amefunga bao.

Mzee mmoja akakohoa. Alphonse akajifuta uso kwa leso, kisha akasema jambo ambalo sijui kama nitalisahau.

"Mama mukwe, mi niko na rezo hii hii. Kampuni hii hii. Kila siku naongea na mwana wangu kule Ulaya, na haijakwama hata mara moja. Tusidanganyane. Muntu akiona ulizo ni ngumu, anageuza simu pembeni. Labda Chilufya mwenyewe anajua mutoto atakaa muzuri kwangu, anaona haya kusema."

"Mutoto wangu hajawahi kugeuza uso wake," nikasema.

"Basi ajibu. Imebaki moja."

Chilufya alikuwa amejibu mara mbili, kila mara kwa mikono yote, mbele ya simu, ndani ya nyumba aliyofungiwa na kilio. Sisi tulikuwa tunamtazama kama mtu aliyenyamaza. Na Joëlle jikoni alikuwa ameacha kuchambua, sikusikia tena maharage yakianguka kwenye sufuria.

Kuna haki moja ambayo mwenye nyumba anayo: kabla ya swali la tatu, anaweza kuwapa wazee maji. Nikasema, "Wazee bakunywe kwanza," nikatoka na jagi. Kwenye ua nikamkuta Huguette, jirani yangu, anaanua nguo upande wa pili wa waya. Aliona uso wangu.

"Mama Musonda, kuko nini?"

"Banamuuliza Chilufya juu ya mutoto, na picha haipite. Mechi inakula hewa yote. Imebaki ulizo moja. Asipoonekana, Joëlle anaenda."

Huguette akaangusha nguo zake. Sikumwomba chochote, na nataka hilo lijulikane. Aliniuliza jambo moja tu: "Ni sawa na bomba? Sisi tukitoa bidoni, yeye anateka?"

"Fundi alisema vile. Anapewa kile kinabakia."

Akaenda. Nilimsikia akianzia kwake mwenyewe, mume wake akilalamika, kisha barabarani, sauti yake ile ya kuuza mkaa:

"Zimeni maboksi! Zimeni masimu! Kwa Mama Musonda kuko kilio, banauliza mujane!"

"Mama Huguette, ni penalti!" mwanamume akajibu.

"Penalti itangoja! Siku ya kilio ya mama yako nani alikutekea maji?"

"Eh, mama, usinitukane mbele ya bantu. Nazima, nazima."

"Na ile ya chumbani! Mi nasikia!"

Nilisimama na jagi mkononi. Mtangazaji wa mpira alinyamaza kwenye nyumba ya kwanza. Akanyamaza kwenye ya pili. Sauti yake ikapungua mtaa mzima, nyumba baada ya nyumba, mpaka ikabaki moja mbali kule karibu na shamba, kisha nayo ikazima. Nikasikia kuku. Nikasikia mtu anasema, "Nani alifunga?" na mwingine, "Nyamaza, tutajua kesho."

Nilirudi ndani, nikawapa wazee maji. Sikuharakisha.

Alphonse akauliza mara ya tatu.

Picha haikuwa nzuri kama ya zile asubuhi zetu. Ilikuwa na ukungu, na kitambaa cha Chilufya kiliacha kivuli nyuma yake kila alipogeuka. Lakini mikono ilitembea. Ilitembea! Wivine akaanza kusema, na kwa kuwa Wivine hawezi kudanganya, alisema yote.

"Anasema: Nilijibu mara ya kwanza. Nilijibu mara ya pili. Sasa narudilia neno moja.

"Anasema: Kaka Alphonse, ulimzika ndugu yako vizuri, Mungu akuone. Lakini mutoto haende. Unafikiri namutaka ili akuwe masikio yangu. Sikumuzaa akuwe masikio. Kabla yake niliishi, nilienda sokoni, niliolewa. Namutaka kwa sababu ni mutoto wangu.

"Anasema: Atasoma. Likizo atakuja Golf, umufundishe mambo ya baba yake, maana weye njo unayajua. Lakini nyumba yake iko kwangu.

"Anasema..." Hapa Wivine akamgeukia mume wake. "Anasema: Antoine hakuniuliza hata siku moja kama naweza. Juu ya nini ninyi munauliza?"

Mikono ya Chilufya ikashuka mapajani. Yule mzee wa kukohoa akasema, "Mujane amejibu," na wenzake wakaitikia.

Nilikuwa tayari kwa maneno makali ya Alphonse, nami nilikuwa nayo ya kumrudishia. Badala yake akamgeukia mke wake, akauliza polepole, "Neno pole, na mikono, banafanya je?"

Wivine akamwonyesha. Alphonse akaifanya vibaya, kama mtu anayefukuza nzi, mbele ya simu. Na mimi nikaona mabega ya mtoto wangu yakitikisika, kwa mara ya kwanza tangu kilio kianze. Joëlle akatoka jikoni bila kuitwa, akamshika baba yake mkubwa mkono, akamrekebisha vidole. Nikasahau hasira yangu kwa Alphonse siku hiyohiyo. Naye hakuwa mwongo. Kwake picha haikuwa imekwama kamwe, na alifikiri dunia yote iko hivyo.

Hasira ile nyingine, ya rezo, sikuisahau.

Majirani wangu walikosa mechi yao. Mtoto mmoja wa shule alizima somo lake la kwenye simu. Baba mmoja alikuwa anaongea na mke wake aliyeko safarini, akakata. Waliufanya wema huo bila kunung'unika, na jioni Huguette alileta sombe juu ya hayo yote. Lakini kwa nini mtaa mzima uzime ili mtu mmoja asikike, wakati kule Golf hakuna aliyezima hata taa? Wema wao ulifunika aibu ya wengine, na mimi sikutaka aibu hiyo ifunikwe.

Jumatatu simu yangu ikalia. Kampuni imeandika: Mteja wetu, jana rezo ya mtaa wako ilifanya kazi vizuri sana. Asante kwa kutuamini.

Nilivaa kitenge changu cha misa nikaenda mjini. Mlinzi alinipa tena kiti. Nikamwambia leo sitakaa.

"Kambo!" Syntiche akasema. "Fundi alikuja?"

"Alikuja, alisema ukweli, na asiadhibiwe juu ya ile. Mi naleta malalamiko. Yaandike."

Akafungua masini. "Nachagua aina gani? Kuko malipo. Kuko laini imekatika. Kuko sauti haipite. Kuko video iko polepole."

"Ya video banatengeneza lini?"

Akashusha sauti. "Bakipata nafasi, kambo."

"Na ya sauti?"

"Sauti? Siku ile ile. Ile iko ya haraka."

"Basi weka sauti haipite."

"Lakini kambo, ni picha."

Nikatoa simu. Humo ndani ya biro yao rezo ni tele, haikwami. Nikamwita Chilufya, nikamsimamisha juu ya meza, mbele ya Syntiche. Alikuwa ameketi mlangoni kwa ndani, na kitambaa chake cheusi. Nikamweleza kwa mikono niko wapi. Akamgeukia msichana, akasema.

"Anasema nini?" Syntiche akauliza.

"Anakuuliza kama umeamka muzuri. Na kama mama yako iko muzima."

Syntiche akatikisa kichwa ndiyo, kisha akakumbuka, akainua mkono akapunga. Chilufya akaendelea, kitu kirefu, na mimi makusudi sikufasiri. Syntiche akatazama mikono ile mpaka ikamaliza. Watu wa mstarini walikuwa wakiitazama pia.

"Syntiche, mustari!" yule mkubwa akaita kutoka nyuma ya kioo.

Hakugeuka. Aliivuta masini karibu, akabonyeza. Niliona neno lililobaki kwenye kioo cha masini: sauti haipite.

"Kambo," akaniuliza, vidole vikingoja, "naandika haipite tangu lini?"

"Tangu mulipanga mustari," nikamwambia.

Akaandika hivyohivyo.